Mtani kwenye Nguzo ya Lusiana

Kijana mwenye miwani ya manjano alipigwa risasi ya nyonga asubuhi hiyo, na bondeni kote hakukuwa na bunduki.

Alikuwa ameipa mgongo nguzo fupi ya fundi mmoja wa zege, vidole viwili juu, midomo ameichongoa kwa ajili ya kamera ya mwenzake. Kikuku alichovishwa getini kikamtetemesha mkono. Sauti ya kike ikamwambia sikioni, kwa upole kabisa, kwamba hapa Mkarazi picha hupigwa mtu akiwa amesimama wima, mikono chini, uso ameuelekeza kwenye nguzo. Kijana akacheka. "Eti nafundishwa kusimama," akamwambia mwenzake, kisha akapandisha kiatu chake juu ya jina la marehemu. Hapo ndipo Mlinzi alipompa.

Hakupiga kelele mara moja, kwa sababu pumzi yote ilikuwa imemtoka. Alianguka kama gunia. Kelele zikafuata baadaye. Mikono yake ilikamata nyonga ya kulia, ikatafuta tundu, ikatafuta damu, haikuona kitu, ikaendelea kutafuta. Akatapika chai na chapati juu ya kokoto nyeupe. Mwenzake alipiga hatua mbili za kukimbia, akakumbuka kwamba kukimbia nako ni kosa, akasimama palepale wima, mikono chini, machozi yakimtiririka. Ukitaka mfano wa mgeni mwenye adabu, ndiye huyo.

Injinia Otilia Kikoti aliyaona yote kupitia dirisha la chumba cha mitambo, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuona huruma, na sioni sababu ya kumsingizia kwamba aliona. Alikunywa kahawa yake.

"Huyo hatarudia," alisema Kihwele, askari wa getini, aliyekuwa amepanda kuchukua vikuku vya akiba.

"Na atawasimulia wenzake," alisema Otilia. "Ndiyo kazi ya Mlinzi. Mpelekee maji."

Mlinzi hakuwa mtu. Ilikuwa mitambo iliyofukiwa chini ya kokoto, na roho yake ilitokana na fulana. Kampuni iliyojenga bwawa la Mkarazi iliwavalisha vibarua na mafundi wake wote fulana zenye nyuzi za kusoma mwili: mapigo ya moyo, misuli, mishipa ya fahamu, ili msimamizi aliyeketi kilimani kwenye kiyoyozi ajue nani amechoka kweli na nani anajichelewesha. Siku ya mgomo, walinzi wa kampuni waliposhuka bondeni na bunduki, hakuna aliyekumbuka kuzizima fulana. Zikaandika kila kitu. Zikaandika risasi ilipoingia, nyama ilivyoungua, moyo ulivyopigania kubaki na ulivyoshindwa. Kampuni ilipokimbia iliacha masanduku ya kumbukumbu hizo ghalani, na Otilia, wakati huo binti aliyetoka chuo juzi juzi, akaja kumtafuta mama yake ndani ya masanduku. Alimpata. Lusiana, fundi wa kuchomelea vyuma, tundu moja chini ya ziwa la kushoto.

Kutokana na masanduku hayo alimuunda Mlinzi. Kila aliyeuawa alisimikiwa nguzo pale pale alipoangukia, na ndani ya nguzo ikawekwa kumbukumbu ya mwili wake. Mgeni akikosa adabu mbele ya nguzo, kikuku kinamrudishia mkononi, na kutoka mkononi hadi mwili mzima, kile kilichompata mwenye nguzo. Kosa la kwanza ni onyo. La pili, robo ya maumivu. Zamani ilikuwa inaishia hapo. Halafu akaja bibi harusi mmoja na wapambe wake, akajilaza juu ya kokoto akiwa na ua mdomoni, akapigwa picha ishirini huku amevumilia robo yake kwa meno, na picha zikazagaa nchi nzima. Baraza la Wafiwa likachemka. Likadai kosa la tatu liwe nusu, na la nne liwe kamili.

"Na mtu akifa?" aliuliza mjane mmoja siku ya kikao.

"Nani apigwe nusu ya kifo, ainuke, ajipanguse, arudie?" alijibu Otilia. "Adhabu ya nne ni ya kwenye karatasi tu, mama. Ni ya kutisha watu."

Wakapitisha. Ukumbi mzima ulikuwa wa wafiwa, na kila mfiwa aliyeulizwa adabu ya mahali pale iweje alisema jambo moja: hatutaki kicheko. Mfiwa ataka nini kingine? Hakuna aliyekumbuka kwamba msibani kuna kundi la pili, lile lisilokaa mkekani. Hilo ndilo kosa lao, na lilikuwa kosa la watu waliolelewa vizuri, wanaojua fika kwamba kwenye msiba mtani haalikwi wala haombwi ushauri. Mtani huja mwenyewe, na huja na kicheko.

Jambo moja tena nalisema hapa ili lieleweke. Mwaka wa kwanza mafundi wa zamu walikuwa wakimzima Mlinzi kila wakubwa walipokuja na wake zao kupiga picha za kujiachia. Otilia alipogundua alikata nyaya za swichi kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo kumbukumbu ikishaanza kucheza, haizimiki. Njia moja tu ilibaki: kila familia ilikuwa na ufunguo wa nguzo yake, na ukiuzungusha, kumbukumbu iliyo ndani inaungua. Nakala haikuwepo. Wafiwa walikataa nakala, wakihofia vifo vya watu wao visije vikauzwa kwa wenye hamu ya kuonja. Ufunguo wa nguzo ya Lusiana Otilia aliuvaa shingoni, ndani ya gauni.

*

Mchana wake mama mmoja wa makamo alifika getini akiwa amevaa gauni la maua ya rangi ya chungwa lililombana mabegani. Alimtazama Kihwele juu mpaka chini.

"Kamwene, mla mbwa," alimsalimia. "Bado mmebakiza hata mmoja wa kulinda geti, au ndiyo umewekwa wewe?"

Kihwele alipasuka kicheko, kikuku kikamtetemesha, akajiziba mdomo kwa viganja viwili. "Mama, tafadhali! Humu hatuchekani."

"Kumbe hata kicheko mmekila?"

Otilia aliitwa. Alishuka ngazi haraka akidhani kuna mlevi, akasimama alipoliona gauni. Alilijua. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa chumba chao utoto wake wote.

"Wewe ndiye mtoto wa Lusiana," alisema yule mama. "Una paji lake, pole sana. Mimi Kandida Mbano, Mngoni wa Peramiho, mtani wenu ninyi Wanyalu. Nilikuwa mpishi wa kantini hapa. Mama yako alinitukana kila siku ya Mungu kwa miaka minne, akasema ugali wangu unafaa kuzibia ufa wa bwawa. Gauni hili aliniazima Jumamosi, Jumatatu wakamuua. Nimekuja kumzika."

"Alishazikwa, mama. Tulimzika."

"Kazikwa na nani? Mimi mtani wake nilikuwa wapi? Nani aliiga mwendo wake? Nani alijitupa kaburini? Mlimfukia tu, kama mnavyofukia muhogo."

Otilia alihisi hasira ikimpanda, kisha hasira ikateleza ikawa kitu kingine. "Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Kandida hakutania alipojibu hilo. "Kwanza kampuni walifunga bonde. Halafu niliona aibu. Wale walinzi walikuwa wa kila mahali, na vijana wetu Wangoni walikuwemo. Nikasema, nitaenda na uso gani? Mwaka huu nikasema, uso huu huu."

Otilia alimwelezea kila kitu, kwa sauti aliyoitumia kwa wageni wa serikali: kusimama wima, mikono chini, picha ruksa ukiwa umeielekea nguzo, hakuna kuegemea, hakuna kukanyaga, hakuna kucheka wala kumwigiza marehemu. Akamweleza onyo, robo, nusu na kamili.

"Nani kapanga?"

"Wafiwa."

"Wafiwa tangu lini wanaulizwa?" Kandida alishangaa kwelikweli. "Inauma?"

"Inauma sana."

"Na Lusiana ilimuuma?"

"Ndiyo."

"Basi nipe hicho kibangili."

Otilia angeweza kumkatalia. Angeweza kusema bonde limefungwa, mitambo inatengenezwa, njoo kesho. Hakumkatalia, na sababu aliijua: alikuwa amesahau mama yake alivyotembea. Alijua mapigo ya moyo wake ya mwisho kwa kichwa, kila pigo, lakini mwendo wake ulikuwa umemtoka, na mama huyu aliyesimama mbele yake alikuwa nao. Alitaka kuuona mara moja tu. Robo ikimpata ataacha, alijiambia. Kila mtu huacha.

Alimfunga kikuku kwa mkono wake.

*

Kandida alivuka geti, akashusha pumzi, akawa mtu mwingine. Kifua kikatangulia. Mguu wa kushoto ukaburuzika kidogo, mguu wa mtu aliyewahi kuangukiwa na nondo. Kiganja kikawa kinapigapiga paja kila hatua. Otilia alijiziba mdomo. Ndivyo. Ndivyo kabisa! Alimfuata nyuma hatua chache, akitembea wima, mikono chini.

Siku hiyo palikuwa na wageni kama thelathini. Wote waligeuka kumtazama.

"Lusiana!" Kandida alifika kwenye nguzo akaipiga kofi. "Inuka, mvivu we! Bwawa limejaa, umeme umefika Songea, wewe umelala tu! Umelaliwa na nani usiinuke?"

Kikuku kikatetemeka. Sauti ya upole ikamwonya.

"Nani huyu ananong'ona? Lusiana, umeajiri karani?" Akaunyanyua mguu, akaupandisha juu ya nguzo, mkono kiunoni, mdomo wa chini ameubenua, kidevu juu. Ndivyo Lusiana alivyopigwa kila picha maishani mwake, kama mwindaji aliyeangusha nyati. "Otilia! Lete kamera, mama yako yuko tayari!"

Robo ilimpiga. Miguu ilimkatika, akafikia magoti, paji likagonga nguzo. Ngozi juu ya nyusi ikapasuka na damu ikamwingia jichoni.

"Inatosha, mama Kandida," Otilia alisema. "Umeshamzika. Toka taratibu."

Kandida alitema mate. Alishika nguzo kwa mikono miwili, akajivuta juu, akaupandisha mguu tena mahali pake. "Mtani akiachia njiani, marehemu anabaki njiani," alisema, akihema. "We mtoto hukufundishwa? Lusiana! Mmeshindwa vita vyote mlivyopigana na sisi, na hivi vya leo utashindwa! Haya, tabasamu!"

Nusu ilipofika ilisikika. Ilikuwa sauti ya meno yakigongana na ya kitu kikikatika ndani ya kifua cha mtu. Alitupwa chali. Mgongo ukapinda mpaka visigino na kisogo ndivyo pekee vilivyogusa kokoto. Damu ilimtoka puani, ikapita mashavuni na kuingia masikioni. Mtoto mmoja wa wageni alianza kulia, mama yake akamziba mdomo na kumsimamisha wima.

Na hapo ndipo Otilia aliona kazi ya mikono yake. Wageni thelathini walikuwa wamesimama mikono chini, nyuso kwenye nguzo. Hakuna aliyekimbia kusaidia, kwa kuwa kukimbia ni kosa. Hakuna aliyeita, kwa kuwa kelele ni kosa. Kihwele peke yake alitoka getini mbio. Alivuka nguzo tatu, onyo likampata, hakujali, robo ya mtu mwingine ikamchota miguu na kumbwaga uso chini. Alilala pale akiguna, ameshika goti.

Kandida aligeuka akalala kifudifudi. Akapiga goti. Meno yake yalikuwa mekundu yote.

"Usiinuke!" Otilia alipiga kelele. Kikuku chake mwenyewe kikamwonya. "Nakuomba, usicheke! Inayofuata ni kamili! Utakufa!"

"Nusu tu?" Kandida aliuliza nguzo. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kicheko kilikuwamo. "Lusiana, jamani, hata kufa umekufa nusu? Nyie watu hamna jambo mnalolimaliza." Akajilaza kwa upande kwenye kokoto pale chini ya nguzo, mikono ameikumbatia, namna mtani anavyojilaza kaburini ili wafiwa wamtoe kwa nguvu. Hakuna aliyemtoa. Akakoroma kwa mzaha, koromo refu la Lusiana aliyetoka zamu ya usiku.

Kamili ikaanza.

Otilia alikuwa ameshapiga magoti kando yake, ufunguo mkononi. Tundu la ufunguo lilikuwa pale, chini ya jina. Ilikuwa kazi ya kuzungusha mkono tu.

Ndipo Kandida alipofungua mdomo, na mama yake Otilia akasema, "Tulieni. Tulieni jamani, msikimbie ovyo."

Ilikuwa sauti ya Lusiana. Si kwamba ilifanana nayo. Koo la Kandida lilikuwa limeshikwa na misuli ya koo lililokufa, na likatoa kile kile. Otilia aliijua michoro ya kumbukumbu ile kama anavyojua njia ya kwao. Aliona humo, miaka na miaka, mahali saba ambapo koo la mama yake lilitikisika. Mahali saba, maneno saba au sentensi saba, na hakuna kompyuta iliyoweza kumwambia yalikuwa nini. Koo la mtu lilihitaji koo la mtu.

Alikuwa akijiuliza kila usiku kama moja kati ya hayo ni jina lake.

Ufunguo uligusa tundu. Haukuzunguka.

"We kijana," Lusiana alisema. Hilo lilikuwa la pili.

Mwili wa Kandida ulikuwa umekakamaa mzima. Moyo wake ulikuwa unalazimishwa kufuata moyo wa mtu anayekaribia kufa, na mshipa wa shingo ulidunda mpaka ngozi ikawa inaruka.

"Komba. Umeandikwa Komba hapo kifuani." Hilo la tatu.

"Mngoni mzima, hata bunduki hujui kuishika!" Kukawa na kicheko ndani ya maneno, kicheko cha woga, cha mtu anayejaribu mlango wa mwisho. Otilia alikuwa analia bila sauti. Kumbe mama yake alitania. Aliisoma lebo kwenye kifua cha muuaji, akaona Komba, akasema afadhali, huyu ni mtani.

"Mimi mtani wako, Komba. Mtani, utaniu..."

Risasi ikaingia. Kifua cha Kandida kiliruka kutoka kwenye kokoto na mbavu mbili zikavunjika, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kuni kavu. Midomo ikawa ya bluu. Jicho la kushoto likajaa damu lote, jeupe likapotea. Likatoka guno ambalo halikuwa neno, na hilo likawa la sita.

Limebaki moja, Otilia aliwaza. La saba ni langu.

Kitu kikamvuta gauni. Alitazama chini. Mkono wa Kandida ulikuwa umeshika pindo la gauni lake, vidole viwili na gumba, unavuta, unaachia, unavuta. Lusiana hakufanya hivyo. Katika kumbukumbu, kufikia hapo mikono yote miwili ya Lusiana ilikuwa imebana kidonda kifuani, Otilia aliijua mistari yake. Huu ulikuwa mkono wa Kandida mwenyewe, uliokuwa umepenya kutoka ndani ya kifo cha mtu mwingine kuja kuomba. Otilia alijua. Hakuwa na shaka hata chembe.

Akasubiri la saba.

Mkono ulivuta gauni. Ulivuta tena, kwa nguvu kidogo zaidi. Halafu ukalegea, ukabaki umeshikilia tu.

"Maji," Lusiana alisema.

Basi. Hakuna jina. Alikuwa na kiu.

Otilia alizungusha ufunguo. Ndani ya nguzo kukalia mlio mdogo na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka kwenye tundu, na mama yake akaisha, mapigo yote, mistari yote, mahali saba pote. Kandida alianguka tena kwenye kokoto, akalala bila kupumua. Otilia alimpindua, akampumulia mdomoni, akamkandamiza kifua kilichovunjika, akasikia mifupa ikitembea chini ya viganja vyake, akaendelea kukandamiza. Kikuku, ambacho sasa hakikuwa na maumivu ya kumpa, kilikuwa kinamwonya kwamba kumgusa mgeni mwingine kwa namna hiyo hakuruhusiwi. Alikifyatua kwa meno akakitupa.

Kandida alikohoa damu, akavuta pumzi. Wageni walikuwa bado wamesimama wima.

*

Baada ya siku kadhaa Baraza la Wafiwa liliamuru bonde lifungwe na vikuku vyote vikusanywe. Walibishana sana, wakatoleana maneno makali, na mjane yule aliyeuliza swali lake siku ya kikao alimtazama Otilia muda wote. Otilia alitoka kikaoni akaenda moja kwa moja zahanati, na chupa ya uji wa ulezi mkononi.

Kandida alikuwa amekalishwa kwa mito. Upande wa kushoto wa mwili wake haukuwa wake tena. Mkono ulilala juu ya shuka alipouweka nesi. Jicho lilikuwa limeanza kurudi weupe, na mdomo ulikuwa na nyuzi pale alipojing'ata. Gauni la maua ya chungwa lilikuwa limefuliwa na kukunjwa kwenye kiti, na doa halikutoka.

Otilia alikuwa amejiandaa njia nzima. Maisha yake yote hakuwahi kumtania mtu, hakuwa na ulimi huo, aliachiwa msiba akiwa binti na akaujengea kiwanda. Lakini alijua ni zamu yake. Mtani akiumia, unamtania ainuke.

"Mngoni," alisema, "mababu zako wametembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini bila kuoga, wewe umeshindwa kutoka kitandani?"

Alisubiri. Alitaka kuitwa mla mbwa. Alitaka kuambiwa paji lake ni la kuanikia dagaa, chochote.

Kandida alimtazama kwa lile jicho zima. Kisha akaivuta khanga kwa mkono wa kulia, akajifunika mabega vizuri, kama mtu aliyeingiliwa na mgeni.

"Asante kwa uji, Injinia," alisema. Maneno yalitoka kwa tabu kupitia nyuzi. "Umejisumbua."

"Mama Kandida."

"Karibu ukae."

Otilia hakukaa. "Aliongea," alisema. "Mama. Aliongea kupitia kwako. Sijui kama unakumbuka."

"Nilisikia. Nilikuwemo." Kandida alinyamaza kupumzisha mdomo. "Nilimsikia akimwita yule kijana mtani. Nikajua sasa risasi inakuja. Inakuja kwangu. Nikakushika gauni."

Nje nesi alikuwa akiosha ndoo. Otilia angeweza kusema nilidhani ni mkono wa mama. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, na hakuna kifaa duniani ambacho kingeukanusha.

"Nilijua ni mkono wako," alisema. "Nilijua. Nilitaka kusikia neno la mwisho."

Kandida alitikisa kichwa polepole, kukubali. Hakuwa na hasira usoni, na Otilia angeshukuru kuiona hasira. "Nashukuru umesema kweli," alisema.

"Nitukane."

"Hapana."

"Nitukane, mama Kandida, nakuomba. Mimi mla mbwa. Mimi Mnyalu mpumbavu, niliyeua mtani wangu nikimwangalia. Niambie!" Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya zahanati, ameushika ule mkono usio na uhai, analia mpaka makamasi. "Niambie neno moja tu."

Kandida aliuchukua mkono wake mbovu kwa mkono mzima, akautoa taratibu kutoka viganjani mwa Otilia, akauweka juu ya shuka. Alimzidi binti huyu umri wa kumzaa. Aliinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, namna mpishi wa kantini anavyomwinamia bosi aliyetoka makao makuu.

"Shikamoo, Injinia," alisema, na akabaki ameinamisha kichwa, akisubiri kuitikiwa.